Mpandisha bendera asiye na wa kukunja naye

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya tatu ya Januari, ngazi za mahakama ya kaunti mjini Callum, jimbo la Georgia, zinang'aa kwa barafu nyembamba. Odessa Moseley ameshazifagia na kuzimwagia chumvi ili mtu asiteleze. Sasa amesimama chini ya mlingoti, glovu kazibana kwapani, anapuliza vidole vyake.

Kazi hii ameizoea mpaka haitazami tena. Anaifungua bendera iliyokunjwa pembetatu kifuani, anabana pete ya juu, anabana ya chini, kisha anavuta kamba mkono kwa mkono. Macho yake yako barabarani. Anachofanya ni kuusikiliza mlingoti.

"Chuma kikilia mara ya mwisho, hapo imefika," anasema.

Imefika. Siku nyingine yoyote angefunga kamba, akaingia ndani na kuwasha mashine ya kahawa. Leo hafungi. Anaiacha bendera juu kidogo, kama mtu anayemwacha mgeni avute pumzi, kisha anaanza kuishusha taratibu. Inapofika katikati ya mlingoti anasimama. Hapo ndipo anaifunga.

Anapogeuka kuchukua ufagio, pikapu nyekundu inafunga breki mbele ya ngazi.

"Dada Odessa!" Ni Shemasi Thurman Yancey wa Kanisa la Mount Nebo, kichwa nje ya dirisha, nyuma kabeba viti vya maandamano. "Nani kafa?"

Odessa anashika ufagio kwa mikono miwili. "Hakuna."

"Hakuna vipi, na bendera iko kiunoni? Gavana katangaza nini? Mimi redio imewashwa tangu nilipoamka, sijasikia kitu."

"Hakuna, Shemasi."

"Basi ipandishe, mama! Leo ni bethdei ya mtu. Umeona wapi watu wanakata keki huku wamevaa nyeusi?" Anacheka mpaka mvuke unamtoka mdomoni. "Au mikono imeganda, ukachoka nusu ya safari?"

Odessa anatabasamu kidogo, kwa heshima ya shemasi. Pikapu inaondoka, viti vikigongana nyuma yake.

Kufikia saa mbili, mji mzima umeshapata habari kwamba mfagiaji wa mahakama kachanganya siku. Inasemwa kwa huruma, na inasemwa kwa kicheko. Watu wa Mount Nebo wanaona kosa lenyewe linaeleweka. Wazee waliokuwa hai mwaka ule King, mpigania haki za watu weusi, alipouawa hawajawahi kuiadhimisha siku yake bila mtu kulia, na mtoto aliyelelewa kwenye viti vya kanisa lile anaweza kabisa kusahau kwamba mauaji yalikuwa Aprili, na Januari ni kuzaliwa.

Odessa hakuchanganya kitu.

"Nilijua ninachofanya," anasema, akiwa amekaa kwenye chumba kidogo cha mafagio chini ya ngazi, ambamo pia huitunza bendera. "Ila sikuwa na nguvu ya kusema."

Simu ya ukutani inalia. Ni bosi wake, Dale Pruitt, msimamizi wa majengo ya kaunti, na sauti yake inasikika hadi mlangoni.

"Odessa, watu wananipigia. Nani kakwambia uishushe?"

"Hakuna, bwana."

"Umechanganya siku, siyo? Aprili ndiyo walimuua. Leo kazaliwa."

"Ndiyo, bwana."

"Ndiyo umechanganya, au ndiyo umesikia?"

"Ndiyo nimesikia."

"Basi ipandishe juu. Kesho tutaongea."

Anatoka, anafungua kamba, anavuta. Chuma kinalia mara ya mwisho. Bendera inapepea juu kabisa, kama sheria mpya ya kaunti inavyotaka, na Odessa anaitazama sasa, jambo ambalo hufanya mara chache.

"Ningemwambia nini?" anauliza. "Kushusha nusu mlingoti ni amri ya rais au gavana. Si ya mfagiaji aliyefiwa."

*

Odessa ana umri wa miaka sitini na moja. Amefagia mahakama hii tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Mshahara wake ni dola kumi na tatu kwa saa, na kati ya kazi zake zote, kupandisha na kushusha bendera ndiyo pekee ambayo haikuandikwa popote kwamba ni yake. Mlinzi wa zamani alistaafu, akamwachia ufunguo wa kabati.

Hakuolewa. Dada yake, Idella, naye hakuolewa. Waliishi wawili katika nyumba aliyowaachia mama yao kule ng'ambo ya reli, na tangu utotoni walikuwa wamegawana dunia: Odessa alichukua kazi za mikono, Idella akachukua maneno.

"Hata dukani, mimi nilibeba kikapu, yeye akabishana bei," Odessa anasema. "Tulikuwa na mdomo mmoja, na Idella ndiye aliyekuwa nao."

Mdomo huo haukumwogopa mtu. Idella alipika katika shule ya msingi mpaka alipostaafu, na watoto aliowapigia kelele wale mboga zao leo ndio mawakili na madiwani. Kila Siku ya King alitangulia mstari wa mbele wa maandamano kutoka Mount Nebo hadi ngazi za mahakama, na kofia yake ya zambarau ilionekana kabla ya bango lolote.

Na kila mwaka, walipofika, mlingoti ulikuwa mtupu.

Sababu ilikuwa ndogo na ya kiofisi. Mahakama ikifungwa, bendera haipandishwi, isipokuwa kwenye sikukuu zilizotajwa katika kanuni za kaunti: siku ya waliokufa vitani, sikukuu ya uhuru ya Julai Nne, siku ya wanajeshi wa zamani, na nyingine chache. Siku ya King haikutajwa. Hakuna aliyesema haitakiwi. Haikutajwa tu.

"Idella alikuwa akisema, tunatembea mji mzima kwenye baridi, tunakuja kuimba uhuru chini ya bomba tupu," Odessa anakumbuka. "Na mimi niko hapo hapo naimba, ufunguo wa kabati uko mfukoni."

Mwaka mmoja alimnong'oneza dada yake kwamba angeweza kuingia ndani, akaitoa, akaipandisha, na nani angemuuliza?

Idella alikataa katakata.

"Aliniambia, tukiipandisha kwa kujiiba, kesho wataishusha na wewe watakufukuza. Nataka iwe sheria. Nataka hata yule asiyetupenda aamke asubuhi kwenye baridi, aipandishe huku ananuna."

Basi akaanza kwenda kwenye vikao vya baraza la kaunti. Mwananchi yeyote hupewa dakika tatu za kusema, kisha kengele inalia. Idella alizitumia zote, mwezi baada ya mwezi, kwa kitu kimoja. Wajumbe walianza kutabasamu wakimwona anashuka kwenye njia ya katikati. Watu waliohudhuria wanakumbuka jibu lake siku kengele ilipomkata katikati ya neno.

"Lia tu," aliiambia kengele. "Nitarudi mwezi ujao. Sina mume, sina ng'ombe, sina haraka."

Ukumbi ulicheka. Odessa alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, akingoja kikao kiishe afute meza. Hakuwahi kusimama pamoja naye. Idella ndiye aliyemkataza.

"Alisema, mmoja wetu lazima abaki na mshahara."

*

Kuna kazi moja waliyoifanya pamoja, na ndiyo inayomsumbua Odessa kuliko kofia iliyotundikwa mlangoni au kiti kitupu kanisani.

Bendera ikishuka, hukunjwa. Ile ya mahakama ni kubwa kuliko shuka la kitanda cha watu wawili, na haitakiwi kugusa ardhi. Mtu mmoja anashika pembe za huku, mwingine za kule. Wanaikunja kwa urefu, mara mbili, kisha mmoja anaanza kuipindua pembetatu juu ya pembetatu, akitembea, mpaka anamfikia mwenzake.

"Mwishoni mikono yenu inakutana," Odessa anasema. "Huwezi kuikunja bendera na mtu uliyegombana naye."

Kila jioni, kwa miaka hiyo yote, Idella alipanda kutoka ng'ambo ya reli, akavuka barabara na kushika upande wa pili. Alilalamika tangu mwanzo hadi mwisho, juu ya magoti yake, upepo, na madiwani. Kisha walirudi nyumbani pamoja wakibishana juu ya chakula cha usiku.

Agosti iliyopita, Idella alikuwa jikoni akimenya maharage. Odessa alisikia bakuli likianguka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka.

Oktoba baraza likapiga kura. Diwani Lorenzo Gadsden, ambaye zamani alipigiwa kelele ale mboga zake, ndiye aliyeleta hoja: bendera ya taifa ipandishwe kwenye mlingoti wa mahakama kila Siku ya King, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Ilipita kabla kahawa haijapoa. Watu walisimama wakapiga makofi. Diwani alishukuru wenzake, akasema kuwa kaunti hatimaye imesikia kilio cha muda mrefu cha wananchi.

Odessa alikuwa nyuma, na kitambaa cha kufutia meza mkononi.

"Mwananchi huyo alikuwa na jina," anasema sasa, polepole. "Alikuwa na kofia. Nilitaka kusimama niseme. Nikafuta meza."

Tangu Agosti anakunja peke yake. Pembe za upande mmoja anazibana kwa vibanio vya nguo kwenye reli ya ngazi, kisha anarudi nyuma na upande wa pili, anavuta, anakunja, anaomba upepo usije. Mlinzi wa sasa, kijana mwenye adabu, aliwahi kujitolea kumshikia. Odessa alimshukuru, akasema hapana.

"Angeniambia pole, halafu ningelia juu ya bendera ya serikali. Nani angeifua?"

Nyumbani mashuka makubwa ameyaweka sandukuni. Amenunua ya kitanda kimoja, ambayo mtu anaweza kuyakunja mwenyewe bila kuyaburuza sakafuni.

*

Saa sita mchana ngoma za shule ya sekondari zinasikika kutoka upande wa reli. Maandamano yanapinda kona ya benki, mabango mbele, wanakwaya wakiwa wamevaa makoti mazito juu ya majoho. Walio mbele wanapouona mlingoti wanapiga kelele ya furaha, na kelele hiyo inarudi nyuma mstari hadi mstari. Wazee wengine wanasimama kabisa. Kina mama wanatoa leso.

Sheria imefanya kazi yake. Pia imemwondoa Odessa kwenye maandamano kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu bendera ikipanda lazima mtu awe kazini. Amesimama chini ya ukingo wa mlango, na sare ya kijivu, mbali kidogo na watu wake.

"Nilishukuru kuwa kazini," anasema. "Ningeandamana na nani?"

Hotuba zinafuatana. Diwani Gadsden anakaribishwa, na watu wanasimama kumpigia makofi kwa ajili ya sheria ya bendera. Yeye ni mtu mcheshi, anajua kuwafanya watu wasahau baridi.

"Nasikia leo hata bendera yetu iliamka na usingizi," anasema, akielekeza kidole juu. "Ikafika nusu ya njia ikataka kurudi kitandani!"

Umati unaangua kicheko. Vichwa kadhaa vinageuka kuelekea mlangoni. Vernice Tarpley, mwimbaji wa sauti ya kwanza ambaye amekaa kiti kimoja na Odessa kanisani tangu wakiwa wasichana, anasogea na kumgusa mkono.

"Odessa wee," ananong'ona, "umri wote huo hujui tofauti ya bethdei na matanga?"

"Nilijua," Odessa anajibu.

Lakini kwaya imeshaanza, na Vernice amekimbilia mahali pake. Neno hilo halikusikika hata hatua moja mbele.

Wanashukuru baraza. Wanashukuru polisi wa barabarani, mkurugenzi wa bendi, akina mama wa jikoni, na fundi wa spika. Baada ya sala ya kufunga watu wanateremka kurudi Mount Nebo, ambako kuna kuku wa kukaanga, mboga zilizochemshwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na pai za viazi vitamu zilizopangwa juu ya meza ndefu. Harufu yake huvuka reli siku kama hii. Odessa anabaki kuokota vikombe vya karatasi.

Tangu Idella afe hajaongea na mtu jioni nzima bila kuangalia saa, anasema. Si kwamba watu ni wabaya. Walileta vyakula wiki mbili mfululizo, na mabakuli yao aliyarudisha yakiwa yameoshwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja anamngoja aanze yeye, na yeye hajawahi kuanza.

*

Saa kumi na mbili kasorobo jua linakaribia paa la benki. Odessa anatoka na vibanio vyake viwili vya nguo mfukoni.

Pikapu nyekundu imerudi. Shemasi Yancey amekuja kuchukua viti, na mkononi ana sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha.

"Nimekuwekea sahani, Dada Odessa. Paja na kipapatio. Na pai, kabla hao wahuni wa kwaya hawajaimaliza. Vernice kala vipande vinne, usimwambie nimesema."

"Ahsante, Shemasi. Iweke hapo tu."

"Haipoi hiyo, nimeifunga mara mbili."

Haiweki. Anabaki nayo, anamwangalia akifungua kamba. Bendera inaanza kushuka, na mwanga wa mwisho umeishika upande mmoja.

Inapofika katikati ya mlingoti, kamba inasimama.

Hakuna sheria inayovunjwa. Bendera iko njiani kushuka, na hakuna kifungu kinachosema mtu ashushe kwa kasi gani. Odessa amesimama ameshika kamba kwa mikono yote miwili, uso kauinua juu, na hasogei.

  Shemasi anaitazama bendera, anamtazama mwanamke aliye chini yake. Anavua kofia.

"Dada Odessa," anasema, na safari hii hachekeshi. "Nani kafa?"

Gari moja linapita. Sauti yake inaishia mbali.

"Idella," anasema Odessa.

Imetoka ndogo. Anaisema tena, kwa sauti ambayo watu wa Callum hawajawahi kuisikia ikitoka kwake.

"Idella Moseley kafa, Shemasi. Dada yangu. Hii bendera kaiomba yeye. Si Gadsden, si wananchi. Yeye, na kofia yake, mwezi baada ya mwezi, mkimcheka. Na wewe ulicheka, nilikuwa nyuma nilikuona. Leo mmesimama hapa mmeshukuru kila mtu mpaka mwenye spika, hakuna hata mmoja aliyemtaja. Sikuchanganya siku. Niliishusha kwa ajili yake, kwa sababu kuna mtu ilibidi aishushe."

Shemasi ameikunja kofia yake mkononi. "Mbona hukusema asubuhi?"

"Nasema sasa. Na kesho Pruitt nitamwambia hivi hivi, aninyang'anye ufunguo akitaka. Na mwakani, kabla hamjaimba hata wimbo mmoja, jina lake litasomwa pale ngazini. Kama hakuna wa kulisoma, nitalisoma mimi."

"Litasomwa," anasema Shemasi. "Naapa, Dada Odessa, mbele ya Mungu, litasomwa."

Odessa analegeza kamba. Bendera inamalizia safari yake, anaipokea mikononi, anafungua pete ya juu na ya chini. Mkono wake unaingia mfukoni, unagusa vibanio vya nguo, unatoka mtupu.

"Weka hiyo sahani chini," anasema. "Vua glovu. Njoo ushike hapa, pembe zote mbili, vuta, usiiache iguse ardhi. Si hivyo. Hivi. Huo ulioshika ndio upande wa Idella."